Magari ya Kasi ya Kijerumani: Acheni Kuhesabu Farasi

Sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba anayeandika programu za tarakilishi lazima ajue na magari, lakini swali hili hunifikia kila mara: "Ndugu, nimeweka akiba yangu kidogo. Nichukue BMW M3, Porsche 911, Audi RS4 au Mercedes C63?" Kabla sijajibu, mwenye swali keshaanza kunisomea namba. Hii ina nguvu za farasi 420, ile ina 457, nyingine yafika kilomita mia kwa saa kabla hujamaliza kupiga chafya.

Jamani, tuache mchezo huu. Namba hizo zilipimwa gari likiwa jipya kiwandani Ujerumani. Wewe hununui gari hilo. Unanunua gari la miaka kumi na tano au ishirini ambalo limepita mikononi mwa watu usiowajua.

Katika kazi yangu, mtu mwenye akili zake hachagui programu kwa kusoma tangazo. Anatafuta orodha ya hitilafu zake: zipi zinajulikana, zipi zimetatuliwa, zipi zitamwamsha saa nane za usiku. Basi haya magari nayo yana orodha zake, na hapo ndipo penye jibu.

Tuanze na M3 ile ya E46, iliyotengenezwa hadi 2006. Silinda sita, lita 3.2, farasi 343. Injini tamu sana. Lakini beringi za konrodi zake huliwa, na sakafu ya nyuma, pale fremu ya ekseli inaposhikia, hupata nyufa. Iliyofuata, E90 na ndugu zake (2007 hadi 2013), ina V8 ya lita 4.0 na farasi 420, na ugonjwa wa beringi ukabaki palepale. Zote mbili zinataka oili ya 10W-60. Fundi akikuambia oili ni oili, mshukuru na uondoke na funguo zako.

Porsche 911 ya kizazi cha 996, ya kwanza kupozwa kwa maji, ina shafti ya kati ndani ya injini, inayozunguka juu ya beringi moja ndogo. Beringi hiyo ikivunjika, mpangilio wa valvu hupotea, valvu hugongana na pistoni, na injini nzima huwa chuma chakavu. Lakini angalia: 996 Turbo na GT3 zina injini ya aina nyingine, hazina balaa hili. Na kuanzia matoleo ya 2009, Porsche waliiondoa kabisa shafti hiyo kwenye injini za kawaida za 911. Magari mawili yanayofanana machoni, hatari mbili tofauti kabisa.

Audi RS4 ya kizazi cha B7 nayo ina V8 ya lita 4.2 na farasi 420. Petroli yake hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haioshi migongo ya valvu za kuingiza hewa. Mvuke wa oili hugandia pale ukawa masizi magumu, injini ikakosa pumzi, na wale farasi 420 wakapungua kimyakimya. Juu ya hayo, mfumo wake wa shokabsoba zilizounganishwa kwa mabomba ya mafuta una sifa ya kuvuja.

Na C63 ya W204, ile ya lita 6.2 na farasi 457? Bolti za silinda hedi kwenye injini za miaka ya mwanzo hukatika, maji ya kupozea yakaingia yasikotakiwa.

Najua utakachosema: "Basi unataka sote tuendeshe Probox!" La hasha. Nasema kinyume chake. Magari haya ni mazuri kuyanunua kwa sababu magonjwa yake yanajulikana. Wenye magari wa Ulaya na Marekani wamezifungua injini hizi kwa miaka mingi, wakapiga picha, wakaandika walichokiona, na wengine wakatengeneza spea bora kuliko zilizotoka kiwandani. Ni kazi ileile ya programu huria: macho mengi, hitilafu zikakosa pa kujificha. Beringi za M3 hubadilishwa. Sakafu huimarishwa kwa vyuma. Masizi ya RS4 husafishwa. Bolti za C63 zina matoleo mapya. Ujuzi huo wote ni wa bure, na bado mtu anakuja kuniuliza ipi ina kasi zaidi!

Kwetu Kenya jambo hili lina uzito maradufu. Sheria hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo M3 ya E46 au RS4 ya B7 utakayoinunua leo ni ile iliyokwisha kuwa humu nchini, iliyopanda matuta yetu na kutumbukia kwenye mashimo yetu. Historia yake iko hapahapa, katika gereji fulani. Iulizie. Na usihadaiwe na kilomita chache: mita hurudishwa nyuma, na hata isiporudishwa, mipira hukauka na oili huzeeka gari likiwa limeegeshwa tu.

Ukinilazimisha nichague, hili ndilo jibu langu. Nitachukua M3 ya E46 yenye kilomita nyingi, iliyobadilishwa beringi na kuimarishwa sakafu, karatasi za fundi zikiwa mezani, kabla ya kuigusa C63 inayong'aa isiyo na karatasi hata moja. Kama pesa zinatosha, 911 ya 2009 au baada yake inaipita. Na robo ya fedha zangu haitafika kwa muuzaji. Itabaki benki ikingoja siku ya kwanza gereji.

Muuzaji akikwambia "hii haina shida yoyote", muulize ilibadilishwa beringi lini, na nani, na risiti iko wapi. Akianza kukutajia farasi, mwage kwaheri ya heshima.