Rezo iko, jina halipatikani: juu ya nini?

Asubuhi ya tarehe 20 Oktoba 2025, watu wengi duniani walifungua Snapchat, Signal ao Canva, vikakataa. Ordinatere zao zilikuwa nzima. Kilichoharibika kilikuwa kule Virginia, Marekani, kwa Amazon, kampuni yenye kukodisha mashine zake kwa kampuni zingine. Jina la huduma yake moja ya kutunza habari lilibaki bila anwani ndani ya DNS. Mashine zilikuwa zinawaka, lakini hakuna aliyejua namba ya mlango.

Ndugu wasomaji, tunaileta habari hii kwa wachimbaji na jamaa zao juu ugonjwa wa namna hiyo unaingia hata ndani ya nyumba zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na watu wanaulipia bure.

DNS ni kitabu cha majina. Ordinatere inafuata namba, haifuati majina. Ukiandika jina la banki yako, inauliza kwanza: huyu anakaa fasi gani? Kitabu kinajibu na namba, njo inaenda. Kitabu kikinyamaza, ukurasa haufunguki, hata kama ulilipa forfe jana na mistari ya rezo imejaa.

Hapo tunasema: «Mega zimeisha!» Tunaongeza zingine. Ao: «Ni virusi», na ordinatere inabebwa kwa fundi, anafuta yote, anaweka Windows upya. Picha za ndoa zimeenda. Karatasi za mshahara za baba mwenye kuwa kambini zimeenda. Na kesho tatizo linarudi, juu halikuwa ndani ya ordinatere.

Kabla ya kutoa franka, fanya jaribio moja. Kwa Windows, andika cmd mahali pa kutafutia, fungua lile dirisha jeusi, uandike ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi, barabara iko wazi. Kisha andika ping na jina la tovuti unayoijua. Ikisema haioni jina hilo, basi ni DNS. Kama hata ile ya kwanza haikurudisha kitu, achana kwanza na DNS: angalia modemu, mega, ao kampuni yenyewe.

Ikiwa ni DNS, chukua telefone iliyoshika modemu ileile. Nayo ikikataa, zima modemu, ngoja dakika moja, washa tena. Ikiendelea, ubaya unaweza kuwa kwa kampuni, na hakuna fundi wa kartie atakayeutengeneza. Kama ni ordinatere peke yake, andika ipconfig /flushdns, inafuta majibu ya zamani iliyoyashika. Bado? Ndani ya mipangilio ya rezo unaweza kuweka kitabu kingine: 8.8.8.8 ni cha Google, 1.1.1.1 cha Cloudflare, 9.9.9.9 cha Quad9. Vyote ni vya bure. (Na umeme wetu huu! Ordinatere ya zamani, kabetri kake ka saa kakikufa, inarudi miaka ya nyuma, na tovuti zinasema si salama. Hiyo si DNS. Tengeneza tarehe.)

Lakini kuna hatari kubwa kuliko ukurasa wenye kukataa. Mwenye kushika kitabu anaweza kukutuma kwa mlango wa uongo, uandike neno lako la siri kwa mwizi ukidhani ni banki.

Inchi yetu ilifika karibu na hapo. Mwisho wa 2020, Fredrik Almroth, mtafiti wa usalama kutoka Sweden, aliona kwamba jina scpt-network.com limeachwa bila kulipiwa. Jina hilo lilikuwa la mashine zenye kujibu maswali ya majina yote yenye kuishia na .cd, majina ya Kongo. Akalinunua mwenyewe ili mwenye nia mbaya asilichukue, kisha akawajulisha wasimamizi. Alipotangaza habari hiyo Januari 2021, alieleza kwamba mwenye jina lile angeweza kushika karibu nusu ya maswali ya .cd. Wasimamizi wakahamia jina lingine.

Jina kama lile linalipiwa dola chache kwa mwaka. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka kwetu, na mlango wa majina yetu ulibaki wazi juu ya fakitire ndogo vile. Sisi tunaona huo haukuwa umaskini, ni kukosa mtu mwenye kuulizwa: nani analipa, tarehe gani? Bunge na wizara wangepaswa kuliuliza hilo kila mwaka.

Na nyumbani, mama, ulizo lako ni kwa fundi. Akigusa DNS ya modemu, aseme ameweka namba gani na ni za nani, aziandike kwa karatasi, uibandike chini ya modemu. Kama neno la siri la modemu lingali «admin», abadilishe mbele yako kabla hajalipwa.