Mahindi yakiingia ndani, watoto walale wapi?

Kila Juni, katika nyumba nyingi za Tosamaganga, mambo matatu hubisha hodi kwa pamoja. Mahindi yanaanza kuletwa kutoka shambani. Baridi inashuka, ile ya kumfanya mtu aahirishe kuoga mpaka jua la saa saba. Na wanafunzi wa bweni wanarudi likizo, kila mmoja na tranka lake, godoro lake na ndoo yake. Nyumba yenyewe haijaongezeka hata tofali moja: vyumba viwili, sebule, na jiko la nje.

Kinachofuata kinajulikana. Magunia yanataka mahali pakavu penye kufuli, na mahali hapo huwa chumba cha watoto. Hakuna kikao kinachokaa kuamua. Gunia la kwanza linaegemezwa ukutani "kwa leo tu", la pili linaliegemea la kwanza, na baada ya wiki mbili watoto wanalala sebuleni, wakisinzia kwenye viti mpaka wageni waage na taarifa ya habari iishe, ndipo watandike. Aliyetoka bweni anauliza, "Mama, mimi nalala wapi?" Anajibiwa, "Jibanze hapo kwa wadogo zako, baba, tutaona kesho."

Mashauri mengi ya kupanga nyumba ndogo huanzia kwenye nguo na viatu. Kwa anayeishi chumba kimoja mjini na kununua unga kilo mbili mbili, ni sawa. Lakini mkoani Iringa mzigo mkubwa kuliko wote nyumbani ni chakula. Kabla mahindi hayajapata mahali pake, kukunja mashati kwa ustadi hakutaongeza hata nafasi ya mto wa kulalia.

Wazee walilimaliza suala hili kwa namna yao. Mahindi yalikuwa na kihenge chake nje, au yalipanda darini juu ya moto wa jikoni, ambako moshi uliwafukuza wadudu. Nyumba ya sasa ya matofali ya kuchoma na bati haina dari la namna hiyo. Ina siling bodi, nayo haikutengenezwa kubeba mzigo. Anayepandisha hata magunia mawili huko juu anajitafutia gharama ya fundi, na huenda ya hospitali pia. Isitoshe, mchana joto la bati huwa kali, na si rafiki wa chakula wala wa mbegu.

Sasa hesabu. Familia ya watu sita inayokula ugali kila siku, ikijiwekea gunia moja kwa kila mtu kwa mwaka na akiba kidogo ya mbegu, ndugu na misiba, inakaribia magunia kumi ya kilo 100. Yakiegemezwa ovyo ovyo, yanakula chumba. Yakilazwa na kupangwa matatu kwenda juu, yanachukua eneo linalolingana na kitanda cha futi nne kwa sita, pamoja na njia ndogo pembeni. Kwa hiyo hakuna sababu ya watoto kupoteza chumba kizima. Wanapoteza nafasi ya kitanda kimoja, na hata hiyo inaweza kutoka sehemu nyingine ya nyumba.

Magunia yasikae sakafuni. Saruji hupitisha unyevu, na gunia la chini huanza kuoza wakati la juu bado linapendeza machoni. Bahati nzuri, mbao hapa si tatizo kama kwingine. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, kule Mufindi, ndio mkubwa kuliko yote ya aina hiyo nchini, na mabanzi ya paini yanapatikana kwa fundi yeyote wa mbao. Mabanzi machache juu ya matofali yanatosha kuwa chaga. Acha nafasi kati ya rundo na ukuta, angalau mkono upite na ufagio, ili panya asipate njia iliyofichika.

Mifuko yenyewe ina mchango mkubwa. Ile isiyopitisha hewa, inayojulikana kama mifuko ya PICS, ina mifuko miwili ya plastiki ndani ya gunia la kawaida, na kila mmoja hufungwa peke yake. Wadudu waliomo hutumia hewa iliyobaki, hukosa nyingine, na kazi yao inaishia hapo, hata ya dumuzi, yule ambaye wakulima walimbandika jina la Scania. Hakuna dawa inayohitajika. Kwa nyumba ndogo, faida hiyo ni kubwa kuliko hata ya kuokoa mahindi. Ipo ya kilo 100 na ya kilo 50. Mama anayebaki nyumbani peke yake mchana achague ya kilo 50, maana gunia lisilogeuzika bila kuita vijana wawili halitageuzwa. Na yasifunguliwe yote. Lifunguliwe moja, mahindi ya wiki yahamie kwenye ndoo yenye mfuniko, gunia lifungwe tena kwa nguvu.

Sharti moja tu: mahindi yawe makavu kweli. Kipimo cha nyumbani ni chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi robo yake na kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, kisha iache kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi, yarudishwe juani. Na yaanikwe juu ya turubai, si juu ya ardhi tupu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara, na walioipata waliila katika chakula cha nyumbani mwao.

Kuna jambo ambalo mzazi aliyebanwa na nafasi asilipuuze hata usiku mmoja. Vidonge vya kufukizia mahindi hutoa gesi inayoua, na gesi haijui kwamba vilinunuliwa kwa ajili ya wadudu. Visiwekwe kamwe katika chumba anacholala mtu, wala katika chumba kinachopakana nacho kwa mlango au kwa dari lililo wazi. Kusema "tumefunika vizuri na turubai" hakutoshi. Hata mahindi yaliyochanganywa na dawa ya unga hayafai kuwa jirani wa mto wa mtoto. Kama familia imeshaamua kutumia dawa, mahindi yawe na stoo yake nje, hata kama ni kibanda.

Dirisha nalo. Rundo la magunia hupenda kusimama mbele ya dirisha, kwa kuwa ndiyo sehemu ya ukuta isiyo na kitanda. Kisha baridi ya Julai inakuja, mtu anaingiza jiko la mkaa ndani "litoe baridi kidogo", na chumba kimefungwa pande zote. Hewa ya mkaa haina harufu ya kumwamsha aliyelala. Magunia yahame dirishani, jiko libaki nje, blanketi ziongezwe.

Blanketi hizo zitoke wapi, ndipo upangaji wa kawaida unapoanza. Oktoba joto linaporudi, blanketi na masweta yafuliwe, yakauke kabisa, yaingie kwenye begi la shangazi kaja, na begi lipande juu ya kabati mpaka Mei. Tranka la shule, ambalo wengi huliacha katikati ya chumba kwa mwezi mzima wa likizo, liingie chini ya kitanda, na ndani yake zikae nguo za mwenyewe. Ni kabati tayari, lina kufuli, na limeshalipiwa. Vitanda viwili vya kawaida vinaweza kubadilishwa na kimoja cha dabo deka. Fundi seremala aambiwe mapema aweke ukingo imara juu, na mtoto chini ya miaka sita asilale ghorofani, hata akilia. Juu ya mlango, ukuta unaokaa bure unabeba shelfu ya ubao mmoja kwa madaftari ya mwaka jana na viatu vya mvua.

Sebuleni pana mjadala mgumu zaidi, kwa sababu pana heshima ya mtu. Seti ya sofa ya watu saba katika chumba cha hatua nne, na kabati la vikombe vinavyomsubiri paroko afike: hivyo viwili peke yake vinatosha eneo la magunia yote kumi. Si lazima viuzwe. Lakini kiti kimoja kikiondoka, rundo dogo la mifuko ya kilo 50 lililofunikwa kitenge safi linakaa pembeni vizuri, wala mgeni haulizi. Mgeni wa hapa akiona mahindi ndani anajua amefika nyumba yenye chakula.

Yanabaki magunia ya ziada, na hapo ndipo mke na mume huacha kusalimiana vizuri. Baba anataka yakae mpaka Januari au Februari, bei ipande. Mama anataka chumba. Kila mmoja ana haki yake, maana bei hupanda kweli kuanzia miezi ya kilimo, na watoto wanalala chini kweli.

"Mama watoto, nikiuza sasa nimewapa walanguzi."

"Ukiyaweka, baba watoto, unayaweka juu ya godoro la mwanao. Piga hesabu ya hilo pia."

Kuna familia zinazoikata njia katikati. Ya chakula yanabaki ndani, sehemu inauzwa mapema kulipia mifuko na vitabu vya muhula, na ya kusubiri bei yanahamia kwenye stoo inayokodiwa na majirani wawili au watatu kwa pamoja, kila gunia na alama ya mwenyewe, funguo zikiwa kwa wote. Kodi ya mwezi igawanywe kwa idadi ya magunia kabla ya kuhamisha chochote. Ikionekana kwamba kodi, mifuko na usafiri vinameza ile faida ya Februari, basi baba mwenyewe ataona yapi ya kuuza leo.

Na mazungumzo hayo yafanyike Mei, kabla trekta la kwanza halijapiga honi mlangoni. Likishapiga, kila gunia litaelekea chumba kilekile lilikoelekea mwaka jana.