Mwachie mtoto kijiko chake

Kuna watu mtandaoni wamegeuza chakula cha mtoto kuwa dini. Eti ukishaamua mtoto ajilishe mwenyewe, kijiko ni dhambi. Ni vipande vya brokoli mkononi, basi. Manze, uji wa wimbi utaushika na mkono gani?

Gill Rapley, yule Mwingereza aliyeipa hii njia umaarufu, hoja yake kubwa ni mtoto aamue ale nini, kiasi gani, kwa kasi gani. Kwa hivyo swali ni kijiko kiko mkononi mwa nani.

Na nyinyi wa upande ule mwingine, msicheke. Mtoto amelazwa mapajani, kichwa nyuma, pua imebanwa, uji unamiminwa kwa kiganja. Nimeiona hii kwa ploti yetu, na watu wazima wanaita malezi! Huo uji unaweza kuingia mapafuni.

Kuanzia miezi 6, akiweza kukaa wima, pakia uji mzito ama ndengu iliyopondwa kwa kijiko kifupi, umwachie. Atajipaka masikio, atarusha sakafuni. Si utapanguza? Kaa hapo hapo umwangalie, simu weka kando. Akigeuza uso, ameshiba, usimfukuze na kijiko.

Na kabla mseme sina mtoto na chuo niliacha: dada akienda job, mpwa wangu wa miezi 9 anakula na mimi. Jana nusu ya ndengu ilienda tumboni, nusu kwa nywele zangu.