Serikali ikigharimia injini, mwenye hisa asilale

Wanunuzi wengi wadogo wa hisa huamini kwamba kampuni yenye serikali nyuma yake haiwezi kufilisika. Yaliyoipata Rolls-Royce ya Uingereza yanaonyesha kuwa imani hiyo ni ya hatari.

Mwaka 1968 kampuni hiyo ilipata mkataba wa kuiuzia Lockheed ya Marekani injini ya RB211 kwa ajili ya ndege ya TriStar. Serikali ya Uingereza iliahidi Pauni milioni 47, kama asilimia 70 ya makisio ya gharama za kuibuni. Haikuwa sadaka: fedha zilitakiwa kurudi kidogo kidogo kwa kila injini itakayouzwa.

Tatizo lilikuwa bei. Ilikwishafungwa kwenye mkataba wakati gharama zikiendelea kupanda. Mapanga ya feni ya nyuzi za kaboni, yaliyotarajiwa kupunguza uzito, yalishindwa jaribio la kugongwa na ndege wa angani mwaka 1970, ikabidi yatumike ya titani. Hatimaye gharama ya kutengeneza injini moja ikazidi bei ya kuiuza. Novemba 1970 Serikali iliahidi Pauni milioni 42 zaidi, lakini Februari 4, 1971 kampuni ikawekwa chini ya mfilisi.

Serikali ilinunua shughuli za injini na kuunda kampuni mpya. Hisa za watu haikuzinunua. Injini iliokoka, wenye hisa waliachiwa mfilisi.

Watetezi wa ruzuku wana hoja. RB211 baadaye ilirushwa kwenye Boeing 747 na 757, na ukoo wake ndio uliozaa Trent 1000 inayobeba Dreamliner za Air Tanzania. Injini huchukua miaka mingi kurudisha mtaji, na benki chache zina subira hiyo. Mwaka 1987 Serikali iliiuza kampuni kwa umma kwa Peni 170 kwa hisa. Lakini hayo yalikuwa mavuno ya taifa na ya wanunuzi wapya, si ya aliyenunua mwaka 1970.

Kwa hiyo, anayeshawishiwa kununua hisa kwa maelezo kwamba "serikali ipo" aulize mambo matatu. Je, bei ya bidhaa imefungwa kabla gharama hazijajulikana? Deni la serikali litalipwa kabla ya gawio? Na mambo yakiharibika, kitakachookolewa ni kiwanda au ni hisa? Akikosa jibu la swali la tatu, fedha zake zikae mfukoni.