Lubumbashi: Anayepiga nyimbo za wengine naye ni mfanyakazi, alipwe

Kila mwisho wa juma, katika bar, hoteli na kumbi za arusi za mji wa Lubumbashi, kuna vijana wanaopiga nyimbo ambazo hawakuzitunga wenyewe. Wageni wakiwa bado wanakula, wanawapigia rumba ya zamani: Franco, kisha Tabu Ley. Watu wakishachangamka, wanapandisha sebene. Usiku ukisonga, mmoja anaomba Fally Ipupa, mwingine anaomba Papa Wemba, na mjomba wa bibi arusi anataka wimbo wa kijijini kwao. Orkestra inapaswa kuyajua yote hayo, na kuyapiga bila kusita.

Lakini ukiuliza watu wanafikiri nini juu ya vijana hao, wengi watakujibu: « Hao wanaiga tu. » Na kwa kuwa wanaiga tu, mwenye bar anaona chupa mbili za pombe na pesa ya taksi zinawatosha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunakosea, na kosa hilo litatugharimu rumba yenyewe.

Kwanza, kupiga wimbo wa mwingine si kazi ndogo. Wapiga gitaa hawa hawana karatasi ya noti mbele yao. Wanasikiliza simu, wanarudia, wanasikiliza tena, mpaka solo, mi-solo na akompa zinakaa pamoja. Mwimbaji aliyekulia Katuba au Kenya, ambaye nyumbani anazungumza Kiswahili, anajifunza maneno ya Kilingala mstari kwa mstari ili asiharibu maana. Na usiku wa kazi, mteja akimwambia sauti iko juu mno, lazima orkestra yote ishuke naye palepale.

Pili, hii ndiyo shule yetu ya muziki. OK Jazz ya Franco ilizaliwa mwaka 1956, na jina lake ilipewa na OK Bar ya Kinshasa, mahali ilipokuwa ikipiga. Huku kwetu Katanga, Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Likasi, wakati huo ikiitwa Jadotville. Tangu hapo wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejifunza kwa kufuata vidole vyake. Hao nao walianza kwa kuiga. Anayedharau wanaoiga leo anadharau mahali watakapotoka watunzi wa kesho.

Kazi hii ina furaha yake, na ni haki kuisema. Kuna wakati mzee aliyekaa kimya tangu saa moja anasimama, anamshika mkewe mkono na kucheza wimbo wa ujana wao. Kuna kijana wa miaka kumi na tisa anayepewa gitaa la solo kwa mara ya kwanza kwa sababu mkubwa wake amechelewa, na watu wanageuka kumtazama. Wanamuziki wengi wanabaki katika kazi hii kwa sababu ya nyakati kama hizo.

Lakini furaha hailipi kodi ya nyumba. Tuchukue mfano wa hesabu. Mwenye arusi anakubali kutoa dola 200 kwa orkestra ya watu 8. Kukodi sono, toa 60. Mafuta ya jenereta, kwani umeme unaweza kukatika, toa 15. Gari la kubeba vyombo kwenda na kurudi, toa 25. Zinabaki 100, yaani dola 12 na nusu kwa kila mtu, baada ya siku tatu za mazoezi na usiku mzima wa kusimama. Hapo ni ikiwa mwenye arusi ametimiza neno lake. Mara nyingi asubuhi inafika, wageni wamekwenda, na jibu ni: « Mupite juma kesho. »

Ndiyo sababu wanamuziki wanategemea mabanga. Wanataja majina ya matajiri katikati ya wimbo ili noti zitupwe. Mimi siwalaumu, ila tuone matokeo yake. Wimbo unakatwakatwa, na asiye na pesa anahisi arusi si yake. Mwimbaji mwanamke anabeba mzigo zaidi: mwanaume aliyemwekea noti kwenye paji la uso anaweza kudhani amelipia pia haki ya kumgusa. Kama malipo yake yangekuwa ya uhakika, angekuwa na nguvu zaidi ya kumwambia mtu huyo akae chini.

Wenye bar wana jibu lao, na lazima tulisikilize. Wanasema biashara ni ngumu, kodi ni nyingi, na ufunguo wa USB na baffle mbili vinapiga muziki ule ule bila kudai chakula. Ni kweli. Lakini basi, kwa nini wanaandika kwenye ubao wa nje kwamba leo kuna orkestra? Kwa sababu wanajua wateja watakuja, watakaa na wataagiza tena. Kama orkestra inaleta mapato, ipewe sehemu ya mapato hayo. Na kama hailipi, mwenye bar ana uhuru wa kubaki na USB yake, badala ya kuita watu wanane na kuwarudisha mikono mitupu.

Kuna pia haki za watunzi. Ordonansi-sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za waandishi katika nchi yetu, na SOCODA ndiyo inayopaswa kuzikusanya. Mzigo huo usitupwe juu ya mpiga gitaa. Anayefungua mlango, anayeuza vinywaji na kupata faida ndiye atoe haki ya mtunzi. Kisha pesa hiyo ifike kweli kwa mtunzi au kwa watoto aliowaacha, pamoja na watunzi wa Katanga.

Wanamuziki nao wana ya kutengeneza. Orkestra iliyoahidi watu wanane isilete watano. Saa mbili iwe saa mbili. Kiongozi wa orkestra asimame mbele ya wenzake na kuwaonyesha amepokea ngapi, maana kuna vikundi vinavyovunjika si kwa ajili ya mwenye bar, bali kwa ajili ya kiongozi anayeficha. Na kila usiku waingize wimbo wao mmoja au mbili kati ya zile za Franco. Watu wakicheza bila kuuliza ni wa nani, ujue wimbo umepita.

Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa binadamu. Tulishangilia, viongozi walitoa hotuba. Lakini rumba haikai katika orodha. Inakaa mikononi mwa watu wanaoipiga Jumamosi hii, na wakichoka watakwenda kuchimba madini au kuendesha pikipiki.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Ni karatasi moja yenye mistari minne: kiasi cha malipo, idadi ya wanamuziki, saa ya kuanza na ya kumaliza, na nani analipa sono na usafiri. Nusu itolewe kabla ya gitaa kufungwa nyaya, nusu nyingine kabla ya vyombo kupakiwa. Wewe unayeandaa arusi mwaka huu unaweza kuanza. Keki umeilipia avansi, nguo umezilipia avansi. Weka na orkestra katika hesabu hiyo.