Waridi Lina Askari, Kunde Zetu Je?

Tukisikia neno kimeng'enya, fikira zetu hukimbilia mate na tumbo, kwani ndivyo tulivyosoma darasani. Lakini vimeng'enya vimo pia udongoni, tena huko ni silaha.

Kuna kuvu ya kijani iitwayo trikoderma. Hula mimea iliyooza, na hula kuvu nyingine pia. Mwaka 1932 huko Marekani, Richard Weindling alieleza jinsi inavyoishambulia Rhizoctonia, kuvu inayoozesha miche. Si kazi rahisi, kwa sababu ukuta wa kuvu una kitini, kitu kilekile kilichomo katika gamba la kaa na la kamba. Ebu fikiria kumla kaa na gamba lake! Trikoderma hutoa kimeng'enya cha kitinesi kuimega kitini hiyo, na glukanesi kumega glukani iliyochanganyika nayo. Mwanzoni hutoa kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi. Vijipande vilivyomeguka vikiifikia, hujua windo li karibu. Hapo hulifuata, hujizongazonga juu yake, hutoboa ukuta na kufyonza yaliyomo.

Sasa, nani anafaidi? Dawa za trikoderma zinauzwa hapa Kenya, na wakulima wakubwa wa maua wanazitumia kulinda mizizi ya maua yaendayo Ulaya. Huku kwetu Ganze kunde na pojo hunyauka zikiwa zimechanua. Wazee husema ni jua. Jua limo, sikatai, lakini ukipasua shina ukakuta vidoa vyeusi kama masizi, hapo pana kuvu iitwayo Macrophomina. Hiyo hupenda joto na ukame, na katika majaribio mengi trikoderma imeizuia.

Wako watakaosema eti mambo ya maabara si ya mkulima wa jembe. La hasha! Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao Ukambani, kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Leo kuna Aflasafe, inayotengenezwa na KALRO kule Katumani. Nayo ni kuvu, ila isiyo na sumu (haimli mwenzake, humnyang'anya nafasi tu), na mkulima huimwaga shambani kwa mkono. Kama ya mahindi imewezekana, ya kunde inashindikana nini?

Sitaki kumdanganya mtu. Trikoderma haiufufui mche uliokwisha nyauka, na udongo mkavu usio na mboji hauifai. Ndiyo maana nasema Kaunti ya Kilifi isigawe mbegu peke yake: ilete na pakiti ndogo za trikoderma za kupaka mbegu, na maafisa wa kilimo watufundishe kuitia pamoja na samadi iliyoiva.

Na sisi tusikae tukingoja. Shamba la shule lipo. Masika yakianza, Chama cha Kilimo kipande matuta ya kunde, nusu yawe na trikoderma na nusu bila, kisha siku ya wazazi tupasue mashina mbele yao, tuhesabu yaliyo meusi.