Masomo ya mtandaoni: Mzigo wa chuo wahamia kwa mwanafunzi

KIJANA anayeishi Mulot, mji ulio mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok, sasa anaweza kusomea shahada bila ya kuhama kwao. Hahitaji kukodi chumba Nairobi wala Eldoret. Miongoni mwa wazazi wanaotegemea majanichai, mahindi na ng'ombe wa maziwa, wapo wanaoamini kuwa njia hiyo ni nusu ya gharama na nusu ya taabu.

Imani hiyo yafaa kuchunguzwa kabla ya shilingi ya kwanza kulipwa. Masomo ya mtandaoni hayauondoi mzigo, bali huuhamisha. Ukumbi wa mihadhara, umeme, utulivu wa maktaba na kengele ya kumwita mwanafunzi darasani ni mambo ambayo kwa kawaida hugharimiwa na chuo. Masomo yakihamia kwenye mtandao, yote hayo huwa juu ya mwanafunzi na jamaa yake.

Elimu ya mbali yenyewe si ngeni katika eneo hili. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kutoa shahada ya ualimu kwa wanafunzi wa nje mnamo 1986. Tanzania ilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria mwaka wa 1992. Vyuo vya Kenya vilipofungwa Machi 2020 kutokana na janga la corona, wahadhiri wengi walilazimika kufundisha kupitia mtandao wakiwa hawajajiandaa. Kisha, Agosti 3, 2023, Rais William Ruto alikabidhi hati ya kuanzishwa kwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya, chenye makao yake Konza.

Jambo la kwanza kwa mwanafunzi, basi, ni kutambua anajisajili wapi. Si kila tovuti yenye picha ya joho na kofia ni chuo. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ndiyo inayoidhinisha vyuo vikuu na kozi zao nchini, na ndiyo inayopaswa kuulizwa. Haitoshi kuwa chuo kinatambuliwa. Sharti kozi yenyewe iwe imeidhinishwa. Anayenuia kuwa mwalimu, muuguzi au mhandisi aulize pia masharti ya bodi inayosajili wataalamu wa fani hiyo, kwa kuwa mazoezi ya darasani, wadini na karakanani hayawezi kufanywa kwenye kioo cha rununu.

La pili ni hesabu ya data. Saa moja ya mhadhara wa video hula takriban nusu gigabaiti hadi gigabaiti nzima, kwa kutegemea ubora wa picha. Mwenye masomo matano, kila moja likiwa na mihadhara ya saa tatu kwa wiki, atakuwa na saa 210 katika muhula wa wiki 14. Hizo ni gigabaiti 105 hadi 210, kabla hajapakua kitabu hata kimoja. Kwa familia inayosubiri bonasi ya majanichai ndipo ilipe karo, gharama hiyo si ndogo. Kwa hivyo ni busara kukiuliza chuo mapema: Je, mihadhara hurekodiwa? Je, yapo maandishi au sauti pekee kwa mwanafunzi asiyemudu video?

Umeme nao hauna ahadi. Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya taifa ilitumbukia gizani kwa saa nyingi. Mwanafunzi anayesubiri saa ya mwisho ndipo awasilishe kazi yake anajitia hatarini. Aidha, ni vyema ajue mapema kanuni za chuo kuhusu mtihani unaokatizwa na hitilafu ya umeme au mtandao.

La tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni nidhamu. Watafiti Di Xu na Shanna Jaggars walichunguza rekodi za zaidi ya wanafunzi 40,000 wa vyuo vya jimbo la Washington, Marekani, na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2014. Walibaini kuwa wanafunzi kwa jumla hufanya vibaya zaidi katika kozi za mtandaoni kuliko za ana kwa ana, na pengo hilo ni kubwa zaidi kwa wanaume, kwa vijana na kwa wale ambao alama zao zilikuwa duni tangu awali.

Matokeo hayo yana funzo kwa mzazi wa Mulot. Kijana anayebaki nyumbani huonekana kana kwamba hana shughuli. Atatumwa kuchunga, kupeleka maziwa na kuchuma chai huku mhadhara ukiendelea. Jamaa isipokubaliana kuhusu saa za masomo na kuziheshimu kama saa za kazi, karo italipwa bure.

Hatimaye kuna usalama. Kwa mwanafunzi wa mtandaoni, nambari ya simu ndiyo dirisha la karo na ndiyo kitambulisho chake. Jina la Mulot limetajwa mara nyingi na makachero katika visa vya ulaghai wa laini za simu, jambo lililowapaka matope hata wakazi wasio na hatia. Mlaghai hukusanya nambari ya kitambulisho na maelezo mengine ya mtu, kisha huihamishia nambari yake ya simu kwenye kadi nyingine. Simu ya mwenyewe hupoteza mawimbi ghafla, na ujumbe wenye nambari za siri humfikia tapeli.

Mwanafunzi asimpe nambari ya siri mpigaji anayejidai kuwa afisa wa chuo, wala asimwazime mtu kitambulisho ili asajili laini. Karo ilipwe tu kwa akaunti iliyothibitishwa na chuo chenyewe. Mawimbi yakipotea ghafla bila sababu, aiarifu kampuni ya simu mara moja kwa kutumia simu nyingine.

Hakuna lolote kati ya haya linalomaanisha kuwa masomo ya mtandaoni hayana faida. Kwa mama anayelea au mwalimu aliye kazini, huenda ikawa ndiyo njia pekee ya kupata shahada. Hata hivyo, kwa kuwa chuo kimempa mwanafunzi sehemu ya kazi yake, ni haki ya mwanafunzi kuuliza maswali mengi, na kuyauliza mapema. Chuo kisichomjibu kabla ya kupokea karo hakitarajiwi kumjibu baada ya kuipokea.